Mswada wa tarakilishi shuleni uanze na bili ya umeme

Ni ada humu nchini, kila uchaguzi mkuu unapokaribia, kusikia shule za umma zikiahidiwa makubwa. Zipo ahadi zinazotimizwa, zipo zinazotimizwa nusu, na zipo zinazosahaulika kabla ya wino wa kura kukauka vidoleni. Tarakilishi za shule za msingi ni za kundi la pili, na kwa maoni yangu kundi hilo ndilo baya kuliko yote. Ahadi iliyosahaulika haimgharimu mlipa kodi hata senti moja, ilhali ile iliyotimizwa nusu hununua vifaa kwa mabilioni ya shilingi kisha ikaviacha vizeekee kabatini.

Hoja yangu ni kwamba kasoro hiyo haikutokana na uhaba wa nia njema. Ilitokana na kukosekana kwa sheria inayosema fedha zitatoka wapi mwaka wa kwanza, mwaka wa tano na mwaka wa kumi, na nani atakayewajibika zisipotoka. Sheria ya namna hiyo yaweza kuandikwa. Tena haina budi kuandikwa na watu wanaojua kwamba kununua kifaa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Walimu waliofundisha katika miaka ya themanini wanaukumbuka mkasa unaofanana na huu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule za msingi zilitakiwa zifundishe useremala, uashi, ushonaji na upishi. Zilihitajika karakana na vyumba vya sayansi kimu, na wazazi wakachangishwa kwa harambee ili wavijenge. Palipokuwa na wazazi wenye uwezo, karakana zilisimama, zikatiwa meza na randa na misumeno. Palipokuwa na ufukara, ziliishia kwenye msingi wa mawe. Hata zile zilizokamilika hazikuwa na fungu la kununulia mbao mpya wala la kunolea vyombo. Mtaala ulipopunguzwa baadaye, nyingi ziligeuzwa madarasa ya kawaida au ghala za mahindi na madawati mabovu. Ujuzi uliokusudiwa ulikuwa na maana; kilichokosekana ni njia ya kuulipia mwaka baada ya mwaka.

Turudi kwa tarakilishi. Muungano wa Jubilee uliingia katika uchaguzi wa Machi 2013 ukiahidi kuwa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule ya umma angepata kipakatalishi. Zabuni ya kwanza iliishia katika mabishano na kubatilishwa mwaka 2014. Mradi ukasukwa upya, badala ya vipakatalishi vya wanafunzi pakawa na vishikwambi, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, wakiwa na washirika wao wa kigeni, wakapewa kazi ya kuviunda na kuvisambaza. Mwaka 2016, baada ya majaribio katika shule 150, vifaa vilianza kumiminika. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya 20,000. Kila shule ilipokea vishikwambi vya watoto, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta na mtambo mdogo wa kuhifadhia masomo.

Haitakuwa haki kuubeza mradi huo wote. Kwa sababu yake, nyaya za umeme na paneli za sola zilifika katika shule ambazo zingali zingesubiri miaka mingi. Walimu kwa maelfu walipata mafunzo. Lakini hebu tuwafuate watoto wenyewe. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2016 alifika darasa la nane mwaka 2023, akawa miongoni mwa watahiniwa wa KCPE ya mwisho katika historia ya nchi hii, akaufanya mtihani ule kwa penseli na karatasi. Katikati ya safari yake, Machi 2020, shule zilifungwa kwa ajili ya Korona, na masomo yakahamia redioni, katika runinga na katika mtandao. Huo ndio wakati ambao kishikwambi kingemfaa kuliko wakati mwingine wowote. Hakikumfaa, kwa kuwa kilikuwa mali ya shule na kilifungiwa shuleni. Tena betri za vifaa hivi zikikaa miezi bila kutiwa umeme hufa zenyewe, bila kuguswa na mtu. Baadaye serikali ikaanza kuzungumzia vyumba vya tarakilishi vya pamoja badala ya kifaa kwa kila mtoto, na wazo la mwanzo likafifia bila kutangaziwa kifo chake.

Mtu aweza kuuliza, je, fedha hizo hazikupitishwa na Bunge? Zilipitishwa. Hapa ndipo tunapopaswa kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Fungu katika bajeti huishi mwaka mmoja. Juni likiidhinishwa, laweza kupunguzwa katika bajeti ya nyongeza kabla ya Juni nyingine, na waziri mpya akija na jambo lake, fungu la mtangulizi wake hufa kimyakimya. Sheria yenye chanzo chake cha fedha ni jambo jingine. Ili iondolewe, sharti mtu asimame Bungeni hadharani aseme anataka kuiondoa. Ahadi ni deni, ndivyo tusemavyo. Lakini deni lisilo na hati halina mahali pa kudaiwa.

Mwalimu mkuu hana haja ya kuelezwa haya. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 1,420. Tukizigawa kwa siku za masomo, ni kama shilingi saba kwa siku: chaki, vitabu, maji, ukarabati na mlinzi humo humo. Kisha shule hiyo hiyo ikaletewa mita ya umeme na vifaa vinavyokula umeme kila siku. Aliyeleta vifaa hakuacha senti za kuvilisha.

Nchi nyingine zimelipitia tatizo hili kabla yetu, na ni vyema tuangalie walivyoandika sheria zao. Marekani ilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996. Maseneta Olympia Snowe na Jay Rockefeller, mmoja wa chama cha Republican na mwenzake wa Democratic, walihakikisha kimeingizwa kifungu cha kuzisaidia shule na maktaba kupata huduma za simu na mtandao. Mpango uliotokana nacho ulianza kutoa fedha mwaka 1998, ukiwekewa kikomo cha dola bilioni 2.25 kwa mwaka. Fedha zenyewe hazikutoka katika hazina ya serikali bali katika michango ambayo makampuni ya simu yalilazimishwa kutoa. Nazo hazikugawanywa sawasawa. Shule ya mtaa wenye nafasi ilipunguziwa asilimia 20 ya gharama, na shule ya watoto maskini kabisa ikapunguziwa asilimia 90, kipimo kikiwa idadi ya watoto wanaostahili kupata chakula cha mchana kwa msaada wa serikali. Mwaka 1994, asilimia 3 tu ya madarasa ya shule za umma za nchi hiyo yalikuwa na intaneti. Kufikia mwaka 2003 yalikuwa asilimia 93. Siwezi kudai kwamba sheria peke yake ndiyo iliyoleta badiliko hilo, maana teknolojia nayo ilikuwa ikishuka bei, ila ni vigumu kuamini kwamba shule za mashambani na za mitaa ya ufukara zingefika huko kwa haraka hiyo kama zingeachiwa soko.

Kwa upande wetu, kilicho na mafunzo zaidi katika sheria ile ni yale iliyokataa kuyalipia. Haikununua tarakilishi. Ililipia njia ya mawasiliano na nyaya za ndani, na shule zikaambiwa zitafute mashine kwingine. Fauka ya hayo, katika miaka ya mwanzo shule iliyoomba ilipaswa kuwasilisha mpango unaoeleza walimu watafundishwaje kuvitumia vifaa hivyo. Hata hivyo wezi hawakukosa mlango. Kampuni kadhaa zilishtakiwa kwa kuzitoza shule bei za kupindukia, na kule Puerto Rico, baada ya zaidi ya dola milioni 100 kutolewa, vifaa vingi vilikutwa vimerundikwa ghalani badala ya kuwa madarasani. Nao uhalali wa michango yenyewe ulipingwa mahakamani hadi mwaka 2025, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kwamba haivunji katiba. Yaani sheria ilitetewa kwa karibu miaka thelathini, na ikasimama, kwa sababu ilikuwa na maneno ya kutetewa.

Mfano wa pili ni wa Amerika ya Kusini. Uruguay ilianza mwaka 2007 kumpa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma kipakatalishi cha kwenda nacho nyumbani. Ilianza kwa amri ya rais, sawa na mradi wetu ulivyoanza kwa ahadi ya kampeni. Lakini Januari 2010 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuunda taasisi maalumu ya kuusimamia mpango huo, ikiwa na kazi ya kutengeneza vilivyoharibika, kuunganisha shule na mtandao na kuandaa masomo. Serikali zimebadilika tangu hapo, taasisi ipo. Peru nayo ilinunua vipakatalishi zaidi ya 800,000. Wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walipotoa matokeo ya utafiti wao mwaka 2012, hawakuona dalili kuwa watoto waliovipata waliwashinda wenzao katika hisabati au lugha. Vifaa vilikuwa vya aina moja. Ila kule Peru, walimu wengi waliachwa navyo bila msaada wa kutosha.

Sasa mswada wetu uandikwe vipi? Kwanza, chanzo cha fedha. Wengi watafikiri papo hapo juu ya kodi mpya, na huo utakuwa mwanzo mbaya, maana Mkenya amechoka. Haihitajiki. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 ilirekebishwa mwaka 2009 ili kuunda mfuko wa kufikisha mawasiliano pasipofikiwa na huduma, na makampuni yenye leseni huchangia mfuko huo asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ya mwaka. Mfuko huo una kazi nyingi, zikiwemo minara ya simu vijijini, na shule husaidiwa kwa hiari ya wasimamizi wake. Marekebisho ya kifungu kimoja tu, yatakayosema kuwa sehemu fulani isiyopunguzwa ya mapato ya mfuko itakwenda kwa shule za umma kila mwaka, yangefanya zaidi ya hotuba za miaka kumi. Najua makampuni hupitisha mzigo kwa mteja. Lakini mzigo huu mteja tayari anaubeba.

Pili, mwandishi wa mswada asome kwanza hukumu za mahakama zetu. Tozo ya nyumba iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilitupwa na Mahakama Kuu Novemba mwaka huo huo, mojawapo ya sababu ikiwa kukosa mfumo kamili wa kisheria na kuwabagua wenye mishahara, ikabidi Bunge liandike sheria nyingine mwaka 2024. Sheria ya hazina ya ustawi wa maeneo bunge ya mwaka 2015, ambayo imejenga madarasa mengi ajabu, nayo ilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2024 kuwa kinyume cha katiba. Basi fedha za tarakilishi zisipitie mikononi mwa mbunge, hata awe mwema kiasi gani. Aidha, mswada wowote unaohusu kuweka au kutumia fedha za umma huangukia Kifungu cha 114 cha Katiba, na hauwezi kuendelea ila kwa pendekezo la kamati husika iliyosikiliza maoni ya waziri wa fedha. Miswada mingi ya wabunge binafsi hufia hapo. Anayetaka wake uishi aende Hazina Kuu kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari. Na ikiwa atataka kuingiza watoto wa chekechea, akumbuke kuwa hao wako chini ya kaunti, hivyo Seneti itakuwa na neno.

Tatu, na hili ndilo ningependa liandikwe kwa herufi nzito: sheria itaje mpangilio wa matumizi, na ununuzi uwe wa mwisho. Kila mwaka fedha zilipie kwanza umeme na mtandao wa shule, kisha fundi, kisha mafunzo ya walimu, na kinachobaki ndicho kinunue vifaa. Iwekwe hata asilimia. Mimi ningesema ununuzi usizidi shilingi 40 katika kila shilingi 100. Wauzaji hawatakipenda kifungu hiki hata kidogo, nacho kimekusudiwa hivyo. Fundi mmoja aweza kuhudumia shule za wadi nzima akiwa na pikipiki na mfuko wa vipuri. Bila yeye, skrini moja iliyopasuka humaliza kifaa kizima. Mwalimu naye asiongezewe tarakilishi juu ya vipindi alivyo navyo kana kwamba ana mikono minne. Tume ya Kuajiri Walimu itambue kazi hiyo katika idadi ya walimu wa shule.

Nne, mgao ufuate uhitaji. Shule ya Loima au ya Tana Delta haiwezi kupimwa kwa ratili moja na shule ya Nairobi ambayo wazazi wake wanaweza kununua mashine ishirini kwa mchango wa muhula mmoja. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 204, ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, na umeme ni mojawapo ya mambo manne iliyotajiwa. Lakini fedha za hazina hiyo zilichelewa miaka mingi kuwafikia waliokusudiwa, jambo linaloonyesha kuwa hata neno la katiba hulala lisipowekewa tarehe. Mswada uweke tarehe. Useme pia kwamba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hatahesabu vilivyonunuliwa pekee, bali vinavyowaka siku ya ukaguzi.

Mambo madogo madogo, kama vile kutupa betri mbovu kwa usalama na kuzilinda habari za watoto kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019, yanaweza kupata vifungu vyao bila kelele.

Yapo pingamizi, na lililo zito kuliko yote si la wanasiasa. Ni la mwalimu anayefundisha watoto sabini katika chumba kimoja, shule haina vyoo vya kutosha, na kuna watoto wanaosinzia saa nne kwa njaa. Mwalimu huyo akisikia habari za tarakilishi hucheka kwa uchungu. Simlaumu. Ndiyo sababu mswada unapaswa kuwa na kifungu kinachokataza waziwazi fedha za vifaa kuchotwa katika mgao wa kila mtoto, au mgao huo kupunguzwa kwa kisingizio kwamba shule imepata fungu jingine. Lakini kusema tungoje hadi vyoo vitoshe ni kumhukumu mtoto wa shule hiyo mara mbili. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10 mwaka 2026, walichagua njia za masomo, na masomo ya tarakilishi yamo katika njia ya sayansi na teknolojia. Shule isiyo na chumba, umeme wala mwalimu haina la kumchagulisha. Mtoto wa kule hatafeli mtihani wa somo hilo. Hatalisoma kabisa, wala hakuna matokeo yatakayochapishwa kuonyesha alichopoteza.

Kuna jambo moja dogo la lugha. Miswada yetu aghalabu huchapishwa kwa Kiingereza cha mawakili, kisha wananchi wakaitwa kutoa maoni. Kiswahili ni lugha rasmi, na maneno tunayo: tarakilishi (wanaopenda kusema kompyuta waseme, hatutagombana), kipakatalishi, kishikwambi, mtandao. Mswada unaohusu watoto wote usomwe na wazazi wote.

Hakuna haja ya kumngoja mbunge aamke. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, likiwemo ombi la kutunga au kurekebisha sheria, na utaratibu wake ulitungiwa sheria mwaka 2012. Chama cha mdahalo cha shule, au walimu wa zoni moja, wanaweza kuliandika. Ombi lenye takwimu husikilizwa kuliko lenye malalamiko, na takwimu hizi zimo shuleni: vifaa vingapi vilipokelewa, vingapi vinawaka leo, bili ya umeme ya miezi kumi na miwili iliyopita ni kiasi gani na imelipwa kutoka fungu lipi, walimu wangapi waliofunzwa wangali katika shule hiyo. Darasa moja la Gredi ya 8, likiwa na ufunguo wa kabati na ruhusa ya mwalimu mkuu, laweza kuikamilisha hesabu hiyo kwa alasiri moja, kwa kalamu na daftari.